Je, niivae saa yangu nzuri nikiendesha baiskeli?

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi. Umri wangu ni miaka hamsini na kitu, na kwa muda sasa naenda kazini kwa baiskeli. Daktari ndiye aliyenisukuma kuanza, lakini siku hizi hata akiniambia niache sitamsikiliza. Njia ya kwenda kazini karibu yote ni ya lami. Jumamosi natoka na wenzangu, tunaingia njia za vumbi na mawe, na huko kuanguka ni jambo la kawaida.

Shida yangu ni saa. Tulipotimiza miaka 20 ya ndoa, mke wangu alinipa saa ya mkononi ya kimakanika, otomatiki, ya chuma, yenye mkanda wa ngozi. Mgongo wake ni wa kioo, unaiona mashine ikifanya kazi ndani. Imeandikwa kwamba inazuia maji hadi mita 100. Alidunduliza muda mrefu bila mimi kujua. Sijawahi kumiliki kitu kizuri kama kile.

Nilipoanza baiskeli niliendelea kuivaa. Kisha mwenzangu kazini, mtu anayezijua saa, akaniambia ninaiua taratibu: kila tuta na kila kokoto linagonga vyuma vidogo vilivyomo ndani. Nikaogopa. Tangu hapo kabla ya kupanda baiskeli naivua na kuitia kwenye kimfuko kilichofungwa mbele kwenye usukani, pamoja na simu na funguo. Ni kimfuko kizuri, kifuniko chake kinajifunga chenyewe kwa sumaku. Nikifika naitoa na kuivaa.

Sasa saa iliyokuwa ikikosea sekunde chache tu kwa siku inakimbia dakika nne hadi tano. Nimeiweka kwenye droo, navaa ya plastiki ya betri. Mke wangu ameona. Juzi ameniuliza, "Ile saa haikupendezi tena?" Nikamjibu kwamba naitunza. Hakuuliza zaidi, na kunyamaza kwake ndiko kunakoniumiza.

Je, baiskeli imeiharibu? Naweza kuivaa tena nikiwa njiani? Nilipokuwa nikiivaa, kile kitufe cha pembeni cha kutilia majira kilikuwa kinanichoma mgongo wa kiganja kila nikikunja mkono. Na mbona kwenye mashindano makubwa ya baiskeli naona washindi wamevaa saa za thamani ya kutisha na hakuna anayewakataza? Mke wangu nimwambie nini?

Mwenye Saa Kwenye Droo

JIBU

Ndugu yangu,

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Baiskeli sidhani kama ndiyo iliyoiharibu saa yako. Ninachokishuku ni kile kimfuko.

Ndani ya saa yako kuna gurudumu dogo linaloyumba kwenda na kurudi, na kuyumba huko ndiko kunakogawa muda. Kinacholirudisha kila mara ni kamani, yaani springi, nyembamba kama unywele, iliyoviringwa mzunguko ndani ya mzunguko. Katika saa nyingi za otomatiki za leo gurudumu hilo hupiga mara 8 kila sekunde, ambayo ni mara 691,200 kwa siku. Sumaku ikiingia, mizunguko ya kamani huanza kuvutana na kugusana. Kamani iliyogusana hufanya kazi kana kwamba imefupishwa, na ikiwa fupi gurudumu hupiga haraka zaidi. Ndiyo maana saa iliyoshika sumaku kwa kawaida hukimbia badala ya kuchelewa, na inaweza kukimbia kwa dakika nzima nzima. Fanya hesabu uone ilivyo rahisi: dakika 5 kwa siku ni pigo moja tu la ziada katika kila mapigo 288.

Wewe umesema mwenyewe kwamba kifuniko kinajifunga kwa sumaku. Humo humo kuna simu, ambayo nayo ina sumaku kwenye spika, na simu nyingi za sasa zina nyingine mgongoni za kushikia chaja. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 764, kinachosema saa inayoitwa kinzani kwa sumaku ihimili sumaku yenye nguvu ya ampea 4,800 kwa mita, takriban gausi 60 kwa kipimo kingine. Zile sumaku ndogo za kisasa za kufungia mifuko, saa ikizigusa, hupita kiwango hicho kwa mbali. Jambo la kutia moyo ni kwamba nguvu yake hufifia upesi sana kwa umbali. Sentimita chache zinatosha kuleta usalama. Kwa hiyo simu ikiwa kwenye kishikio cha sumaku katikati ya usukani na mkono wako uko kwenye breki, hakuna neno. Saa ikilala juu ya kifuniko chenye sumaku asubuhi na jioni, hapo lipo.

Kabla ya kwenda kwa fundi, tafuta dira ya kawaida, ile ya sindano. Iweke mezani itulie, kisha isogeze saa karibu nayo na kuizungusha polepole. Sindano ikiyumba huku na huku na kuifuata saa inavyogeuka, saa imeshika sumaku. Ikisogea kidogo tu bila kubadilika, usihukumu haraka, kwa sababu saa ina vipande vya chuma na chuma huvuta sindano hata kisipokuwa na sumaku. Fundi saa ana kifaa cha kutoa sumaku na kazi hiyo ni ya sekunde chache, tena saa haifunguliwi. Mara nyingi hurudi kwenye mwendo wake wa zamani palepale, na hakuna kidonda kinachobaki.

Ikiwa baada ya kutolewa sumaku bado inakimbia, basi mwache fundi aifungue. Pigo kali linaweza kuirusha kamani mzunguko mmoja ukapanda juu ya mwingine, na matokeo yake yanafanana kabisa na hayo unayoyaeleza. Usiigongegonge mwenyewe ili ijirudi. Nimeona watu wakifanya hivyo, na sipendi hata kufikiria kinachotokea humo ndani.

Sasa tuje kwa huyo mwenzako wa kazini. Ana sababu ya kuogopa. Gurudumu lile husimama juu ya ncha mbili ambazo unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, na ncha hizo huzunguka ndani ya vijiwe vya rubi. Zamani saa ikianguka, ncha ilikatika na habari yake ikaisha. Lakini hofu hiyo ina majibu ya siku nyingi. Fundi saa Abraham-Louis Breguet alibuni kinga ya kwanza ya ncha hizo takriban mwaka 1790, na mwaka 1934 ukaja mfumo wa Incabloc, ambao huo na ndugu zake umo karibu katika kila saa ya kimakanika inayotengenezwa leo. Kijiwe hakikazwi moja kwa moja kwenye chuma. Kinashikiliwa na kispringi. Pigo likija kijiwe husogea, sehemu nene ya mhimili ndiyo inayopokea mzigo, kisha kispringi hukirudisha kijiwe mahali pake.

Kiwango cha ISO 1413 kinaeleza saa ya kuhimili mshtuko inatakiwa ivumilie nini: pigo linalolingana na kuanguka kutoka mita 1 juu ya sakafu ya mbao ngumu. Maabara hutumia nyundo ya kilo 3 inayobembea na kuigonga saa kwa kasi ya mita 4.43 kwa sekunde, ubavuni na usoni. Baada ya hapo mwendo wa saa usibadilike zaidi ya sekunde 60 kwa siku. Linganisha na mtetemo wa lami unaopita kwenye tairi lenye upepo, ukaingia usukanini, ukapita kwenye glovu, kiganja na mkono uliokunjwa kiwiko kidogo. Hadi unapoifikia saa, umebaki mdogo sana. Mishipa na misuli ya mkono wako ni kinga ambayo hakuna kiwanda kimeweza kuitengeneza.

Na hapo ndipo penye jambo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote: kwa safari yako ya lami, mkononi ni mahali salama kuliko kwenye kimfuko. Kitu kilichofungwa kwenye usukani hupokea kila kishindo cha gurudumu la mbele moja kwa moja. Juu ya hapo, humo saa inagongana na funguo, inakwaruzana na simu, na inalala juu ya sumaku. Uliitoa mahali ilipokuwa imetulia ukaitia mahali penye hatari tatu kwa pamoja, na ulifanya hivyo kwa mapenzi. Itoe humo. Siku ambayo hutaki kuivaa, ivingirishe kwenye kitambaa na uiweke kwenye begi la mgongoni, mbali na simu.

Je, ina maana baiskeli haina madhara yoyote kwa saa? Hapana. Inayo, ila mengi si yale mnayoyazungumza huko kazini.

La kwanza ni jasho. Mtu anayekanyaga pedali hutoka jasho hadi kwenye kifundo cha mkono, na jasho ni maji ya chumvi. Mkanda wa ngozi ukilowa kila siku na kukaukia mkononi hunuka, hukakamaa, hupasuka kwenye matundu, na siku moja hukatika ukiwa barabarani. Chumvi huingia pia kwenye zile pini ndogo zenye springi zinazoushikilia mkanda, zikashika kutu bila wewe kuona. Pini ikiponyoka, saa iko chini na gari linakuja nyuma yako. Kwa hiyo ule mkanda wa ngozi utunze kwa siku za kutoka na mke wako. Kwa baiskeli weka mkanda wa nailoni wa kipande kimoja, unaopita chini ya saa na kuzishika pini zote mbili. Hata pini moja ikikatika, nyingine inaizuia saa isianguke. Mkanda wa mpira nao haudhuriwi na jasho, ila hauna kinga hiyo ya pili. Ukifika, futa saa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu kwa kikavu, na usisahau mgongo wake wa kioo ambako jasho hujikusanya.

Kuhusu mvua, mita 100 zinakutosha kabisa, mradi kitufe cha pembeni kimesukumwa ndani, na kama ni cha kukaza kwa kuzungusha, kimekazwa. Andiko la mita 100 linategemea pete ndogo za mpira za kuzuia maji zilizomo ndani, na mpira huzeeka. Mwombe fundi aipime kinga ya maji mara moja kwa mwaka, kwa sababu wewe ni mtu wa jasho na mvua, si mtu wa ofisini tu.

Kile kitufe kinachokuchoma kina dawa rahisi. Isogeze saa juu kidogo kuelekea kwenye kiwiko, ipite ule mfupa unaojitokeza kwenye kifundo, ili ukikunja mkono kitufe kisikutane na kiganja. Waendesha baiskeli wengine huihamishia saa mkono wa kulia kwa sababu hiyo hiyo, kitufe kikaelekea kwenye kiwiko badala ya kidole gumba. Usiikaze sana pia. Mkono huvimba kwa joto na kazi, na mkanda uliokuwa sawa asubuhi utakubana ukiwa katikati ya mlima. Na iwapo vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, saa haihusiki. Hiyo hutokana na kuegemeza kiganja kwenye usukani muda mrefu, mshipa wa fahamu unaopita hapo ukabanwa. Badilisha mahali unaposhika kila baada ya muda.

Jambo zito kuliko yote ni kuanguka. Mtu akianguka kutoka kwenye baiskeli, mikono hutangulia yenyewe kabla hata hajafikiri, na uzito wote wa mwili hushuka juu ya kifundo. Saa ya chuma iliyopo hapo hupigwa na barabara kwa nguvu ambayo haiulizi viwango. Kama kioo chake ni cha yakuti, kina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, kipimo cha ugumu kinachoishia 10, kwa hiyo mikwaruzo haikigusi kwa urahisi, lakini kigumu si sawa na kisichovunjika. Kikipigwa kwenye ukingo kinaweza kupasuka vipande, na vipande hivyo vikiingia kwenye mashine kazi yake ni kubwa. Mkono nao unaweza kuumizwa na saa yenyewe. Ukianguka na mkono ukauma, vua saa mara moja kabla uvimbe haujaanza, kwa sababu baada ya nusu saa huenda mkanda usitoke bila kukatwa na damu ikazuiwa. Hili nalisema kwa ajili ya mkono, saa baadaye.

Kwa sababu hiyo Jumamosi iache nyumbani. Hapa siyumbi. Njia za mawe ambako wewe mwenyewe umesema kuanguka ni kawaida si mahali pa saa uliyopewa na mke kwa miaka 20 ya ndoa. Ile ya plastiki inakutosha huko na itafurahia kazi. Hata kwenye lami, siku ambayo barabara ina mafuta au maji mengi, au unapita mahali ambapo kitu cha thamani mkononi kinavuta macho mabaya, itie begini au ifunike kwa mkono mrefu wa shati.

Umeniuliza kuhusu washindi wa mashindano. Ni kweli, mwendesha baiskeli Tadej Pogačar hushindana akiwa na saa ya kimakanika ya Richard Mille mkononi, na Rafael Nadal alianza kuvaa saa ya kampuni hiyo uwanjani mwaka 2010, akipiga mipira ya tenisi, kazi inayoutikisa mkono kuliko lami yoyote. Mashine zao zilivumilia. Lakini angalia uzito. Ile ya Nadal ya RM 027 haifiki gramu 20 pamoja na mkanda wake, na ya Pogačar ni gramu 32. Kitu chepesi hupokea nguvu ndogo mkono unapotikiswa, na saa hizo zimejengwa kwa kusudi hilo tangu mwanzo. Tena wanalipwa kuzivaa, na ikivunjika moja kampuni ipo. Yako ni ya chuma, pengine gramu mia na zaidi, na ukiivunja hakuna wa kukupa nyingine yenye maana ile ile. Kwa hiyo ushahidi wao unakusaidia nusu: unakuonyesha kwamba mtetemo hauui saa iliyotengenezwa vizuri. Haukuambii uanguke nayo.

Nimebakiza la shemeji, na nimelibakiza kwa makusudi kwa sababu fundi hawezi kukusaidia hapo. Uliposema "naitunza" ulisema kweli, lakini yeye alichosikia ni kwamba zawadi imewekwa kando. Mtu aliyedunduliza kwa siri hadi akapata saa ile hakuinunulia droo. Alitaka aione mkononi mwako ukitoka asubuhi na ukirudi jioni. Hana haja ya maelezo marefu ya kamani na gausi. Mwambie ulivyoogopa kuiharibu, kwamba ilianza kukimbia ukadhani ni kosa la baiskeli, na ukaona aibu kumwambia. Mwambie leo, usisubiri itengenezwe kwanza, maana ukisubiri atakuwa anaendelea kuhesabu siku ambazo hukuivaa.

Kisha nendeni wote wawili kwa fundi. Mweleze fundi waziwazi kwamba saa imekuwa ikilala karibu na sumaku, imegongana na funguo, na kwamba unaendesha baiskeli kila siku. Mwombe atoe sumaku, apime mwendo wake ikiwa imelala na ikiwa imesimama, aangalie kinga ya maji, na abadilishe zile pini mbili hata kama zinaonekana nzima. Ulizeni pia ni lini inahitaji kufunguliwa na kutiwa mafuta mapya, jambo ambalo kwa saa nyingi hufanyika kila baada ya miaka 5 hadi 10. Mkanda wa nailoni, mwache shemeji auchague.